Nani Athibitishe? Sumu ya Vietnam na Fidia ya Wanajeshi wa Marekani

Na Mwanachama wa Kidato cha Nne

Wahenga walinena kuwa wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Methali hii sisi huikariri kwa ajili ya insha, tukijua kwamba nyasi ni fumbo tu la wanyonge. Huko Vietnam haikuwa fumbo. Nyasi zenyewe ziliumia, miti ikapukutika majani, mpunga ukanyauka shambani, na miaka mingi baadaye wakaanza kuugua hata wale waliokuwa upande wa mwenye kunyunyiza.

Makala haya yametokana na swali lililonikaa kichwani tangu tuliposoma Vita Baridi darasani. Mwalimu wetu wa Historia alitaja kwa kupita tu kwamba hadi leo serikali ya Marekani inawalipa wanajeshi wake wa zamani walioambukiwa na maradhi yanayohusishwa na dawa iliyonyunyizwa Vietnam. Kengele ikalia, somo likaisha. Lakini mimi nikabaki najiuliza: vita viliisha mwaka wa 1975. Mzee akipata kisukari miaka 30 baadaye, nani atamwamini akisema kimetoka Vietnam? Kwani hapa kwetu hakuna wazee tele wenye kisukari ambao hawajavuka hata mpaka wa kaunti? Basi nikatafuta, nikasoma, na nitakayoeleza ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuielewe dawa yenyewe. Kuanzia Januari 1962 hadi mwaka wa 1971, ndege za jeshi la Marekani zilizunguka juu ya Vietnam Kusini zikinyunyiza dawa ya kuua mimea. Nia ilikuwa mbili: kuondoa majani ya msitu ili adui akose pa kujificha, na kuharibu mimea ya chakula ili adui huyo huyo akose cha kula. (Mwenye shamba, ambaye pengine hakuwa adui wa mtu, naye akalala njaa.) Shughuli hiyo iliitwa Ranch Hand. Zilimwagwa zaidi ya lita milioni 70. Dawa zilikuja katika mapipa yenye mistari ya rangi, kila aina na rangi yake: nyeupe, buluu, waridi, zambarau, kijani. Iliyotumika kushinda zote ilikuwa ya mstari wa rangi ya chungwa, ndiyo maana ulimwengu mzima unaijua kwa jina la Agent Orange. Rangi hiyo ilikuwa ya pipa tu, si ya dawa.

Ndani ya pipa hilo mlikuwa na kemikali mbili zilizochanganywa nusu kwa nusu, 2,4-D na 2,4,5-T. Ile ya kwanza wakulima wa nafaka duniani wameitumia kuua magugu tangu miaka ya 1940. Ubaya uliingilia kwa ile ya pili. Ilipokuwa ikitengenezwa kiwandani, hasa joto lilipozidi, ilizaa uchafu unaoitwa dioksini, tena dioksini iliyo kali kuliko zote, TCDD. Hakuna aliyeitia kusudi. Ilikuwa kama vijiwe ndani ya maharagwe yetu ya hapa shuleni, ila kijiwe angalau unakihisi kwa jino. Dioksini huihisi. Inaingia mwilini, inakimbilia kwenye mafuta, inakaa humo. Huchukua takribani miaka saba au zaidi kabla haijapungua kufikia nusu. Jeshi liliacha kutumia Agent Orange mwezi wa Aprili 1970.

Sasa hapa ndipo penye fundo, na naomba usome pole pole. Maradhi yanayohusishwa na dioksini hayaji leo wala kesho. Mengi hujitokeza baada ya miaka 20, 30, hata 40, wakati ambapo sumu yenyewe imekwisha kupungua sana mwilini. Na yakija, huja yakiwa maradhi ya kawaida: saratani ya mapafu, saratani ya tezi dume, kisukari, ugonjwa wa moyo. Hakuna daktari awezaye kuitazama saratani chini ya hadubini akasema, "Hii ni ya Vietnam, na ile ni ya sigara." Wataalamu wanaweza kusema tu kwamba katika kundi la watu waliopatwa na sumu, ugonjwa fulani unaonekana mara nyingi zaidi kuliko katika kundi lisilopatwa. Hayo ni maneno kuhusu kundi. Lakini anayekuja ofisini kuomba fidia ni mtu mmoja, na fimbo yake mkononi.

Marekani ina utaratibu wake wa kumlipa askari aliyeumia kazini. Mimi nimeuona ni kama mafiga matatu. Ukiondoa moja chungu kinaanguka. Figa la kwanza, uwe na ugonjwa sasa, umeandikwa na daktari. La pili, kuwe na jambo lililokupata ulipokuwa jeshini. La tatu, kuwe na uhusiano kati ya jambo hilo na ugonjwa. Aliyekatwa mguu na bomu hana taabu, mafiga yote yanaonekana kwa macho. Askari wa Vietnam aliyekuwa na saratani alikuwa na figa la kwanza tu. La pili lilimshinda, kwa maana nani aliandika kwamba siku fulani askari fulani alipita kwenye majani yaliyonyunyiziwa? Na la tatu liliwashinda hata maprofesa.

Mwaka 1977 katika jiji la Chicago, mama mmoja aliyeitwa Maude deVictor, aliyekuwa mfanyakazi katika ofisi ya serikali ya kuwahudumia wanajeshi wa zamani, alianza kuona kwamba madai ya watu waliotoka Vietnam yalikuwa yakifanana. Akayakusanya. Mwaka uliofuata habari hizo zikatoka kwenye televisheni ya huko Chicago, na simu zikaanza kulia. Mimi huyu mama namvulia kofia. Hakuwa daktari wala mwanasayansi, alikuwa karani aliyesoma mafaili kwa makini.

Wanajeshi wakaenda mahakamani, wakayashtaki makampuni yaliyotengeneza dawa. Tarehe 7 Mei 1984, siku ambayo kesi ilikuwa isikilizwe, pande zote zikasikizana nje ya mahakama: makampuni saba yangetoa dola milioni 180, huku yakishikilia kwamba hayana kosa. Ukisikia milioni 180 unadhani watu walitajirika. La hasha! Pesa hizo zilipozaa riba na kugawanywa, wanajeshi au warithi wao wapatao 52,000 walipata, kwa wastani, kama dola 3,800 kila mmoja. Ni pesa za mara moja, basi. Saratani hailipiwi mara moja.

Kwa upande wa serikali mambo yalikuwa magumu zaidi. Kwa miaka kadhaa ugonjwa mmoja tu ndio uliokubaliwa kuwa umetokana na dawa hiyo: chunusi kali za ngozi zinazoletwa na kemikali. Eti mtu ana uvimbe mapafuni anaulizwa kuhusu chunusi! Mwaka 1989 jaji mmoja wa mahakama ya California, katika kesi inayojulikana kama Nehmer, aliibatilisha kanuni hiyo. Sababu yake inafaa kuelezwa, kwani ndiyo kiini cha makala haya. Serikali ilikuwa ikidai ithibitishwe kwamba dawa ndiyo iliyosababisha ugonjwa. Jaji akasema sheria iliyotungwa na bunge mwaka 1984 haikutaka hivyo. Ilitaka tu ionekane kwamba kuna uhusiano wa kitakwimu kati ya dawa na ugonjwa, na shaka ikiwapo imfae askari. Sababu na uhusiano, maneno mawili tu, lakini kati yake palikuwa na maelfu ya watu waliokwisha kunyimwa.

Hapa nisimame kidogo nimtaje mtu mmoja, maana kisa chake kilinigusa kuliko vingine vyote. Admirali Elmo Zumwalt aliongoza jeshi la majini la Marekani huko Vietnam. Mashua zake zilikuwa zikishambuliwa kutoka kwenye vichaka vya kingo za mito, naye akaagiza kingo hizo zinyunyiziwe ili vichaka vife. Mwanawe, aliyeitwa Elmo vile vile, alikuwa nahodha wa mojawapo ya mashua hizo. Kijana akarudi nyumbani salama. Baadaye akapata saratani ya tezi za limfu, akafariki mwaka 1988 akiwa na umri wa miaka 42. Mjukuu naye alizaliwa na matatizo ya ubongo na hisia. Admirali hakuacha kusema kwamba agizo lile liliokoa maisha ya mabaharia wengi, na kwamba aliamini dawa hiyo ndiyo iliyomwua mwanawe. Yote mawili aliyasema hadharani. Mwaka 1990 aliiandikia serikali ripoti akipitia utafiti wote uliokuwapo, akahitimisha kwamba maradhi mengi yalistahili fidia.

Basi tarehe 6 Februari 1991 Rais George Bush, yule mzee, akatia sahihi Sheria ya Agent Orange. Sheria hii ilifanya jambo la ajabu kwa wepesi wake. Ilileta kile ambacho wanasheria hukiita dhana, yaani jambo linalochukuliwa kuwa kweli mpaka mtu mwingine athibitishe kuwa si kweli. Ukiwa ulihudumu Vietnam kati ya tarehe 9 Januari 1962 na 7 Mei 1975, hata kwa siku moja, unachukuliwa kuwa ulipatwa na dawa. Hilo ni figa la pili. Ukiwa na ugonjwa ulio kwenye orodha, unachukuliwa kuwa umetokana na dawa. Hilo ni la tatu. Kilichobaki ni wewe kuleta cheti chako cha kuachishwa jeshi na barua ya daktari. Mzigo uliokuwa mgongoni mwa mgonjwa ukahamishwa.

Orodha ilianza fupi. Kwa amri ya sheria hiyo, Chuo cha Taifa cha Sayansi kikapewa kazi ya kupitia utafiti kila miaka miwili, na orodha ikarefuka kidogo kidogo. Saratani za njia ya hewa ziliingia 1994. Saratani ya tezi dume 1996. Kisukari cha aina ya pili kiliingia 2001, baada ya uchunguzi wa wanajeshi wa anga walionyunyiza dawa wenyewe kuonyesha kuwa wenye dioksini nyingi zaidi damuni walielekea zaidi kupata kisukari. Mwaka 2010 ukaja ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba, pamoja na Parkinson, ule wa kutetemeka mikono. Saratani ya kibofu cha mkojo ilingoja hadi 2021. Shinikizo la damu nalo, ambalo sisi tunaliita presha, wanasayansi walisema mwaka 2018 kwamba ushahidi wake unatosha, lakini halikuingizwa mpaka sheria mpya ya Agosti 2022. Miaka minne. Kwa mzee wa miaka 75 hiyo si miaka michache.

Kwa watoto, malipo ni machache sana. Mtoto wa mwanajeshi aliyezaliwa na mgongo wazi analipwa kwa sheria ya 1996. Kasoro nyinginezo za kuzaliwa zinalipwa ikiwa mama ndiye aliyehudumu Vietnam, si baba.

Sasa malipo yenyewe huhesabiwaje? Wanaopenda hisabati sikilizeni, wasioipenda vumilieni. Kila ugonjwa hupewa asilimia ya ulemavu, kuanzia 0 hadi 100, kwa kuruka kumi kumi. Kisukari kinachotulizwa kwa vidonge na chakula cha kujinyima hupewa 20. Saratani inayoendelea kutibiwa hupewa 100, kisha hupimwa upya matibabu yakiisha. Kwa viwango vilivyoanza Desemba 2024, mwenye asilimia 10 alilipwa dola 175.51 kwa mwezi, na mwenye 100 asiye na mke wala mtoto dola 3,831.30. Hiyo ya mwisho inakaribia nusu milioni ya Kenya, wala haitozwi kodi. Usianze kumwonea mtu kijicho lakini. Asilimia 100 maana yake mwili umekwisha kazi.

Ajabu ni pale mtu akiwa na magonjwa mawili. Tuseme mzee wetu wa kubuni ana 50 kwa moyo na 30 kwa jambo lingine. Ungedhani ni 80. Sivyo. Wao huhesabu hivi: mtu mzima ni 100; moyo umechukua 50, zimebaki 50 za uzima. Ule ugonjwa wa pili unachukua asilimia 30 ya hizo zilizobaki, yaani 15. Jumla 65, inasogezwa kuwa 70. Akiongeza ugonjwa wa tatu wa asilimia 10, inachukuliwa asilimia 10 ya zile 35 zilizobaki, inakuwa kama 69, inasogezwa... 70 ile ile! Mzee amepata ugonjwa wa bure. Nilipomwonyesha rafiki yangu hesabu hii alisema aliyeitunga lazima alikuwa mwalimu wa Hisabati. Lakini ina mantiki yake, kwani mtu hawezi kuwa mlemavu kupita asilimia 100.

Mwenye ugonjwa usio kwenye orodha hafukuzwi. Anaweza kudai, ila anarudi kwenye mafiga yake matatu na ayatafute mwenyewe. Itabidi daktari aandike kwamba uwezekano wa ugonjwa kutokana na jeshi ni angalau nusu kwa nusu. Kupata daktari wa kuandika hivyo si mchezo.

Kwa hiyo unaona msomaji, sheria ya 1991 haikumaliza ugomvi, iliuhamishia mipakani. Nani yumo ndani ya dhana na nani yuko nje? Mfano mkubwa ni mabaharia. Wengi walikuwa ndani ya meli kubwa zilizokaa baharini karibu na pwani, hawakushuka. Mwaka 2002 serikali ilianza kusema kwamba "kuhudumu Vietnam" maana yake ni kukanyaga ardhi yake au kuingia katika mito yake. Baharia aliyeitwa Haas, mwenye kisukari, alipinga, akashindwa kwenye rufani mwaka 2008. Mabaharia wakasema: sisi tulikunywa maji ya bahari yaliyochemshwa na kuvukizwa ndani ya meli, na mito ilikuwa ikimwaga dawa baharini. Kumbe huko Australia watafiti walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 2002 kwamba mitambo hiyo ya kuvukiza maji ingeweza kuifanya dioksini izidi ndani ya maji ya kunywa badala ya kuiondoa. Hatimaye mnamo Januari 2019 baharia mwingine, Procopio, akashinda katika mahakama ile ile ya rufani. Majaji walisema nchi si ardhi tu, bali pia bahari yake ya maili 12. Bunge likatunga sheria mwaka huo huo, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2020. Nayo ile sheria ya 2022 ikapanua mipaka zaidi hadi Thailand, Laos, Kambodia, Guam na visiwa vingine vya Pasifiki.

Wapo wanaonung'unika. Wanasema kisukari na presha ni maradhi ya uzee, kwamba wengi wanaolipwa wangeugua hata kama wangekaa kwao wakilima viazi. Ni kweli, wamo wa namna hiyo, na hakuna awezaye kuwachambua. Mimi nauliza tu: kwa kuwa makosa hayaepukiki, afadhali lipi? Kumlipa mtu ambaye dawa haikumdhuru, au kumnyima ambaye ilimdhuru? Aliyepeleka kijana vitani na aliyenunua dawa ni mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuandika nani alipita wapi. Hakuandika. Naona ni haki hasara ya kutojua iwe yake.

Lakini kwa hoja hiyo hiyo, kuna watu walioishi chini ya ndege zile mwaka baada ya mwaka, hawakwenda kwa zamu ya miezi 12 wakarudi kwao. Januari 2004 Wavietnam waliyashtaki makampuni ya dawa huko New York, mbele ya Jaji Jack Weinstein, yule yule aliyesimamia masikizano ya 1984. Machi 2005 aliitupilia mbali kesi hiyo, akisema kwamba matumizi ya dawa za kuua mimea hayakuvunja sheria ya kimataifa ya wakati ule, na kwamba uhusiano kati ya dawa na maradhi yao haukuthibitishwa. Rufani ikashindwa 2008, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ikakataa kuisikiliza.

Serikali ya Marekani hata hivyo ilishirikiana na Vietnam kusafisha udongo wa uwanja wa ndege wa Da Nang, ambako mapipa yalikuwa yakiwekwa. Kazi hiyo ilianza 2012 ikaisha 2018, kisha wakahamia Bien Hoa, penye uchafu mwingi zaidi. Tangu mwaka 2007 bunge lake pia lilianza kutenga pesa za kuwasaidia walemavu katika mikoa iliyonyunyiziwa sana. Msaada huo hutolewa bila kuuliza, na bila kusema, ulemavu wao ulitokana na nini.